Namna ya kujua kama mwelekeo wa kristali utaibeba au utaiangusha bleidi yako ya nikeli, hatua kwa hatua

Ukimuuliza mtu aliyesomasoma kidogo mambo ya injini za ndege kwa nini bleidi za tabaini zinakuzwa zikielekea 001 (namba za kutaja upande wa kristali, 001 ni sambamba na ukingo wa mchemraba wa atomi), atakujibu harakaharaka kwamba ndo upande wenye nguvu kuliko zote. Hapana aisee. Kwa ukakamavu, yaani ugumu wa kunyumbuliwa, 001 ndo upande laini kuliko pande zote za kristali ya nikeli, na sababu kubwa ya kuchaguliwa ni huo ulaini wenyewe. Ukilishika hilo mapema mengine yote yatakaa sawa, usipolishika utakuwa unakariri tu namba.

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye ana baa au bleidi ya superaloi (mchanganyiko wa metali unaostahimili joto kali) ya nikeli ya kristali moja, mfano CMSX-4 au PWA 1480, na anataka kujua mwelekeo wake utafanya nini joto likipanda. Vifaa ni kikokotoo au Excel, kalamu, na uvumilivu kidogo wa hesabu za kosaini. Maabara ikiwepo ni vizuri zaidi lakini hesabu nyingi utazifanya ukiwa umekaa tu mezani.

Historia kwa ufupi ili tuwe pamoja. Gesi inayotoka kwenye chumba cha kuchomea cha injini ya kisasa inapita digrii 1500 za Selsiasi, wakati CMSX-4 yenyewe inaanza kuyeyuka karibu na 1320, yaani bleidi inaishi kwenye moto unaozidi kiwango chake cha kuyeyuka, inaokolewa na hewa ya kupoza inayopita kwenye vitundu vya ndani na koti la seramiki lililopakwa juu. Zamani bleidi zilimiminwa zikiwa na chembe nyingi, yaani vikristali vidogo, zilizojipanga ovyo, na kwenye joto mipaka ya chembe ndo ilikuwa inaachia kwanza, hasa ile iliyokaa kimkingamo na mvuto wa mzunguko unaoivuta bleidi kwa urefu. Miaka ya 1960 kule kwenye kampuni ya injini ya Pratt & Whitney, Francis VerSnyder na wenzake wakaanza kugandisha bleidi kuanzia upande mmoja kwenda mwingine ili mipaka iende sambamba na mvuto, baadae wakaenda mbali zaidi wakaiondoa mipaka yote. Mwaka 1982 PWA 1480 ikaingia kazini kwenye injini za abiria za JT9D-7R4 ikiwa kristali moja kutoka kitako mpaka ncha.

Sasa angalia kilichotokea hapo. Chembe zikiwa elfu moja zimeelekea kila upande, tabia zao zinajichanganya na unapata wastani. Ikibaki moja tu hakuna wastani tena, bleidi nzima inabeba tabia ya upande mmoja ule ule ulioupata kwenye tanuru. Kwa hiyo mwelekeo sio jambo la pembeni, ni sifa ya kifaa kama ilivyo urefu au unene.

Hatua ya 1: Jua ndani ya chuma kuna nini

Superaloi ya nikeli ni vitu viwili vimelala pamoja. Kuna gamma, ambayo ni nikeli iliyoyeyushiwa kromi, kobalti, wolframu, reniamu na wenzake, alafu kuna gamma praimu, ambayo kimsingi ni Ni3Al, atomi za nikeli na aluminiamu zimepangwa kwa utaratibu wa mchemraba. Kwenye CMSX-4 iliyopikwa vizuri gamma praimu ni kama asilimia 70 ya ujazo wote, imekaa kama vijisanduku vya karibu nusu maikroni, na nyuso za hivyo visanduku zote zinaelekea familia ya 001. Gamma inabaki kama njia nyembamba katikati ya visanduku. (Kobalti ni kama asilimia 9 hadi 10 ya CMSX-4, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Kongo, pande za Kolwezi na Likasi, kwa hiyo ukanda wetu umo ndani ya hizi injini kuliko watu wanavyofikiri.)

Kitu cha ajabu ni kwamba gamma praimu haifuati sheria ya kawaida ya metali. Metali nyingi ukizichemsha zinalegea, hii inazidi kuwa ngumu joto linavyopanda mpaka kwenye digrii 700 na kitu hadi 800 hivi, ndo inaanza kushuka. Sababu ni kwamba dislokesheni (kasoro za mstari kwenye mpangilio wa atomi, zikiteleza ndo chuma kinabadilika umbo) zinazoteleza kwenye bapa, yaani tabaka za atomi, za 111 zinapata joto la kutosha kuruka kipande kwenda bapa za 001, zikifika huko zinajifunga zenyewe haziendi mbele wala kurudi nyuma. Wataalamu wanaziita kufuli za Kear-Wilsdorf. Na kwa vile kujifunga huko kunategemea mkazo unasukuma kutoka upande gani, mwelekeo wa kristali umeshaingia kwenye hesabu kabla hata hujaanza kupima.

Hatua ya 2: Pima mwelekeo, usiukisie

Njia za kupima zipo tatu, chagua kulingana na mfuko.

Ya bei rahisi ni kuchoma uso kwa asidi mpaka dendraiti, yaani mashina na matawi ambayo kristali ilikua nayo kama mti, zionekane. Mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na haidrojeni peroksaidi unafanya kazi vizuri, lakini fanya kwenye kabati la kuvuta hewa, vaa miwani na glavu, na usije ukaufunga kwenye chupa ukabaki nao kesho, unatoa gesi na chupa inapasuka. Ukikata baa kimkingamo ukachoma, utaona misalaba midogo midogo imejipanga uso mzima, mikono ya ile misalaba ndo inakuonyesha pande za 100 na 010. Ukiangalia ubavuni utaona mashina ya dendraiti yameinama kidogo kutoka kwenye mhimili wa baa. Dendraiti za metali za namna hii zinapenda kukua kuelekea 001, ndo maana shina lake ni mshale wako wa bure.

Andaa nyuso mbili za ubavuni zilizo wima kati yao, ukifuata mikono ya msalaba, pima pembe ya shina kwenye kila uso. Tuseme uso wa kwanza umepata digrii 8 na wa pili digrii 6. Pembe halisi ya kuachana na 001 haipatikani kwa kujumlisha, inapatikana hivi: tanjenti ya pembe kamili kipeo cha pili = tan² ya 8 + tan² ya 6. Inakuja 0.0308, kipeuo chake cha pili ni 0.1755, pembe ni karibu digrii 10. Hii baa tutaibeba mpaka mwisho, iite baa yetu.

Njia ya pili ni eksirei ya Laue ya kurudisha nyuma. Unaipiga baa, unapata madoadoa, programu inakusomea mwelekeo wote, haihitaji kung'arisha sana na hii ndo viwanda vingi vinatumia kukagua bleidi moja moja. Ya tatu ni EBSD kwenye darubini ya elektroni, inasoma mwelekeo kwa elektroni zinazorudi kutoka kwenye uso na inakupa ramani nzima ya uso pointi kwa pointi, lakini kusafisha sampuli ni kazi, ukiacha mikwaruzo au uso uliobanwa na msasa hupati kitu. Ukiwa na uhakika baa ni kristali moja kweli, Laue inatosha. Ukishuku kuna chembe ngeni imejipenyeza, nenda EBSD.

Hatua ya 3: Iweke baa kwenye pembetatu

Kristali ya mchemraba ina ulinganifu mwingi, kwa hiyo pande zote zinaweza kukunjwa zikaingia kwenye pembetatu moja yenye kona 001, 011 (mshazari wa uso wa mchemraba) na 111 (mshazari unaotoboa mchemraba kona hadi kona). Watu wengi wakishapata ile "digrii 10 kutoka 001" wanaandika kwenye ripoti wanafunga daftari. Usifunge. Digrii 10 inakwambia umbali tu, haikwambii umeenda upande gani, na huko mbele utaona upande ndo unaoua au kuponya.

Chukua zile tanjenti mbili, 0.1405 na 0.1051, gawa ndogo kwa kubwa, tafuta pembe yake: karibu digrii 37. Kwenye kipimo hiki sifuri maana yake umelala juu ya mstari wa 001 kwenda 011, na 45 maana yake umelala juu ya mstari wa 001 kwenda 111. Baa yetu ina 37, yaani imeegemea upande wa 111. Andika namba zote mbili, 10 na 37.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya ukakamavu

Kanuni ni moja tu:

1/E = S11 − 2 × (S11 − S12 − S44/2) × J

J = l²m² + m²n² + n²l²

E ndo ukakamavu wenyewe, kwa gigapaskali. l, m na n ni kosaini za pembe kati ya mhimili wa baa na pande tatu za mchemraba. Zile S zinatokana na vipimo vya elastiki vya aloi. Kwa joto la kawaida la chumba aloi za aina ya CMSX-4 zinakaribia C11 = 252, C12 = 161 na C44 = 131, zote gigapaskali. Ukizigeuza unapata S11 = 0.00791, S12 = −0.00308, S44 = 0.00763.

Sasa jaza. Kwa 001, J ni sifuri, E inakuja karibu 127. Kwa 011, J ni robo, E inapanda hadi 231. Kwa 111, J ni theluthi, E inafika 320. Chuma kile kile, tanuru lile lile, umekigeuza tu na kimekuwa kigumu kunyumbua mara mbili na nusu. Baa yetu ya digrii 10 inatoa J ya 0.0292 na E ya karibu 134, ongezeko dogo. Ingekuwa digrii 15 ingefika kama 143.

Kwa nini tunataka namba iwe ndogo? Bleidi haivutwi na mzunguko peke yake. Rubani akisukuma nguvu ya kupaa, ngozi ya bleidi inachemka haraka wakati ndani bado kumepoa, ngozi inataka kutanuka na kiini kinaizuia. Chukua mfano wa tofauti ya digrii 200 na kutanuka kwa 15 kwa milioni kwa kila digrii, hapo unazuia mrefuko wa asilimia 0.3. Zidisha na E: upande wa 001 unapata mkazo wa karibu MPa (megapaskali) 380, upande wa 111 unapata 960. Hii ni hesabu ya mstari mmoja, imetumia E ya chumba (joto likipanda pande zote zinashuka, ukiwa digrii 900 hivi 001 iko chini ya 100) na haijagusa umbo halisi la bleidi, lakini ujumbe wake hauna ubishi: mabadiliko yale yale ya joto yanamchapa wa 111 mara mbili na nusu zaidi. Kila safari ni mzunguko mmoja wa hiyo adhabu. Ndo maana kwenye uchovu wa metali unaotokana na joto kupanda na kushuka, 001 inaacha wenzake mbali, na ndo maana hata bleidi za chembe ndefu zilizotangulia kabla ya kristali moja zilikuwa tayari zinafaidika, maana chembe zote zilielekea 001.

Kuna jambo lingine hapa linasahaulika. Mlio wa asili wa bleidi, yaani kasi inayotetema nayo yenyewe ikigongwa, unafuata kipeuo cha pili cha E. Bleidi ya digrii 15 ikiwa na E ya 143 badala ya 127 mlio wake unapanda karibu asilimia 6 kwa mitetemo ya kupinda, na kama mtu wa mitetemo alipanga mwendo wa injini ukwepe mlio wa bleidi kamilifu ya 001, asilimia 6 inaweza kuirudisha bleidi pale pale alipokuwa anapakimbia. Kwa hiyo mpe hizi namba, usibaki nazo.

Hatua ya 5: Tafuta nani atateleza kwanza

Ukakamavu unahusu kunyumbuka na kurudi. Kuachia jumla ni habari ya dislokesheni kuteleza, na hapo tunatumia namba ya Schmid: kosaini ya pembe kati ya mvuto na mshale uliosimama wima juu ya bapa, mara kosaini ya pembe kati ya mvuto na upande wa kuteleza. Kubwa kabisa inayowezekana ni 0.5. Superaloi ina makundi matatu ya kuangalia.

Kundi la kwanza, bapa za 111 zikiteleza kuelekea 110, mifumo 12. Ukivuta kwenye 001 mifumo 8 inapata 0.408 sawasawa. Kwenye 011 kubwa ni 0.408 pia, ila kwa mifumo 4 tu. Kwenye 111 kubwa ni 0.272.

Kundi la pili, bapa zile zile za 111 zikiteleza kuelekea 112, nazo ni 12. Kwenye 001 mifumo minne inapata 0.471. Hili kundi liangalie kwa makini ukifika hatua ya 6.

Kundi la tatu, bapa za mchemraba, 001 kuelekea 110, mifumo 6. Kwenye 001 ni sifuri, kwenye 011 ni 0.354, kwenye 111 ni 0.471.

Tuseme bapa za 111 zinahitaji mkazo wa kukata wa MPa 400 ili ziachie. Ukivuta kwenye 001 unagawa 400 kwa 0.408 unapata 980. Ukivuta kwenye 111 unagawa kwa 0.272 unapata 1470, na hapo ndo mtu anarukaruka anasema 111 ndo mfalme. Subiri kwanza. Joto likipanda bapa za mchemraba nazo zinafunguka, na zikifunguka kwa MPa 400 hizo hizo, 111 inaachia kwenye 850, chini ya 001. Upande wa 001 wenyewe una sifuri kwenye kundi hilo, haujali kabisa. Hizi 400 nimezichagua mimi kwa ajili ya mfano, chukua za aloi yako.

Jingine la kukumbuka, kwa gamma praimu kuvuta na kubana sio sawa. Kwenye PWA 1480 karibu na 001 kuvuta kuna nguvu zaidi ya kubana, karibu na 011 inageuka, kubana ndo kuna nguvu, na karibu na 111 tofauti inakuwa ndogo. Schmid peke yake haiwezi kukueleza hilo, ni zile kufuli za hatua ya 1. Ukitumia programu ya kompyuta inayodhani kuvuta na kubana ni kitu kimoja utapata picha nzuri zenye rangi na majibu ya uongo.

Hatua ya 6: Uliza ni joto gani, ndo utoe hukumu

Hapa ndo moyo wa mambo yote. Swali la "mwelekeo upi una nguvu" halina jibu mpaka useme joto na mzigo.

Kwenye digrii 750 hadi 850 na mzigo mkubwa, ambako ndo sehemu za chini za bleidi zinaishi, mwelekeo una sauti kubwa mno. Tunaongelea kripu, yaani chuma kinarefuka polepole chini ya mzigo ambao haujafika hata kiwango cha kuachia. Kwenye joto hili kundi la pili, lile la 112, linaweza kukata moja kwa moja katikati ya visanduku vya gamma praimu, na kama mfumo mmoja umepata upendeleo unakimbia peke yake bila mpinzani. Kurefuka kwa mwanzo kunaweza kufika asilimia kadhaa kabla kristali haijajizungusha vya kutosha mfumo wa pili ukaamka na kuuzuia wa kwanza. Mwaka 1982 Rebecca MacKay na Ralph Maier walitoa matokeo ya baa za MAR-M247 zilizobebeshwa MPa 724 kwenye digrii 774, wakaonyesha kwamba baa zinazohitaji kujizungusha sana ndo zinarefuka sana mwanzoni na kufa mapema. Na ndani ya digrii 25 za 001, zile zilizoegemea mstari wa 011 ziliishi muda mrefu kuliko zilizoegemea mstari wa 111.

Sasa rudi kwenye baa yetu, 10 na 37. Nimeipigia hesabu kundi la pili lote: mfumo unaoongoza una 0.500, unaofuata 0.465, alafu 0.449, wa mwisho 0.387. Kwenye 001 kamili wote wanne wangekuwa 0.471, wangeamka pamoja na kuzuiana. Hapa mmoja ameshika karibu kiwango cha juu kabisa kinachowezekana duniani na wenzake wako nyuma. Baa hii imepita ukaguzi wa kawaida unaoruhusu hadi digrii 15 bila shida, na bado imeegemea upande mbaya. Ukiwa na baa nyingine ya digrii 10 ile ile lakini namba ya pili ni 3, kwenye joto hili ningeichukua hiyo bila kufikiri.

Kona nyingine za pembetatu je? Karibu na 011 kwa joto hili usitegemee maisha marefu. 111 inabadilika sana kati ya aloi na aloi, na hata ndani ya aloi moja ukubwa wa visanduku vya gamma praimu unaweza kuipandisha au kuishusha, kwa hiyo mtu akikwambia 111 ni nzuri au mbaya muulize aloi gani na ilipikwaje.

Kwenye 900 hadi 1000 hivi na mzigo wa kati kelele zinapungua. Dislokesheni zinapita zaidi kwenye njia za gamma katikati ya visanduku, kurefuka kunaanza kidogo kisha kunaongezeka taratibu, tofauti kati ya pande bado ipo ila sio ile ya kutisha.

Kupita 1050 mzigo ukiwa mdogo, kuna mchezo mwingine. Visanduku vinaanza kuungana vinakuwa mbao ndefu. Kwa aloi nyingi za kisasa, ambazo gamma praimu yake ina nafasi ndogo kidogo kati ya atomi kuliko gamma, ukivuta kwenye 001 mbao zinalala kimkingamo na mvuto, na kwa muda zinasaidia kwa sababu dislokesheni haipati njia ya wima ya kupanda. Ukivuta kwenye 111 nyuso zote za visanduku zinaona mzigo sawa, hakuna upande unaopendelewa, mbao hazijengeki kwa utaratibu huo. Kwa ujumla kwenye joto hili mwelekeo unapungua usemi na muundo wa mbao ndo unaongea.

Kwa hiyo bleidi moja ina hukumu tatu tofauti kuanzia kitako hadi ncha. Ncha iko kwenye moto na mzigo mdogo, katikati kuna moto na mzigo, kitako kimepoa ila kinabeba bleidi nzima. Zigawe hizo sehemu, kila moja ipigie hesabu yake.

Hatua ya 7: Mwelekeo wa pili

Ukishaisimamisha 001 kwenye urefu wa bleidi bado kristali inaweza kuzunguka kwenye mhimili huo, na ule msalaba wa dendraiti unaweza kukaa popote kati ya digrii 0 na 90. Kuvuta kwa urefu hakuoni tofauti, ila bleidi ina matundu, kona, na kitako chenye meno, na pale mkazo unaenda pande zote. NASA walilifanyia kazi hili kwa sababu ya bleidi za pampu za injini kuu ya chombo cha anga cha Space Shuttle. Nagaraj Arakere na Gregory Swanson walichukua data za uchovu za PWA1493, ambayo kikemia ni PWA1480, baa zikiwa zimevutwa kwenye 001, 011, 111 na 213. Ukizichora kwa mrefuko wa kawaida zinatawanyika, lakini ukikokotoa mkazo wa kukata kwenye mifumo yote 30 (ndo yale makundi matatu, 12 na 12 na 6) alafu ukachukua badiliko kubwa kabisa, data zinakusanyika kwenye mstari mmoja. Wakaonyesha pia kwamba ukiuchagua vizuri mwelekeo wa pili unaweza kuongeza uvumilivu wa bleidi bila kuongeza hata gramu moja.

Kwa vitendo: kwenye programu yako usiweke E moja, weka C11, C12 na C44 pamoja na pembe zote tatu, endesha mwelekeo wa pili kuanzia 0 hadi 90 kwa hatua za digrii 10, na kwa kila pointi hatari tafuta mfumo mbaya kuliko wote 30. Kazi ya usiku mmoja kwa kompyuta ya kawaida.

Hatua ya 8: Unapoagiza, andika nini

Bleidi inamiminwa kwenye kalibu ya seramiki iliyotengenezwa kwa mfano wa nta, inashushwa polepole kutoka sehemu ya moto ya tanuru la Bridgman kwenda sehemu ya baridi, milimita chache kwa dakika. Chini kuna kitako ambako chembe nyingi zinaanza kukua zikishindana, zile zilizoelekea 001 zinashinda, alafu zinapita kwenye njia nyembamba iliyojizungusha kama springi ambayo inaruhusu chembe moja tu kutoka. Njia hii ni nafuu, inakupa mwelekeo wa kwanza ndani ya digrii 15 hivi, lakini wa pili ni bahati nasibu. Ukitaka kuutawala wa pili lazima utumie mbegu, yaani kipande cha kristali kilichopimwa na kukatwa kwa pembe unayoitaka, bleidi inaendeleza pale mbegu ilipoishia. Ni ghali na mbegu ikiyeyuka vibaya unapata chembe ngeni, kwa hiyo omba mbegu kama tu hatua ya 7 imekuonyesha faida ya kweli.

Kwenye karatasi ya agizo andika pembe ya juu ya kuachana na 001, kama una sehemu ya kitako inayofanya kazi kwenye 750 hadi 850 ibane iwe 10 badala ya 15, au iache 15 na uongeze sharti la namba ya pili isizidi kiwango fulani upande wa 111. Watakulalamikia kwamba bleidi nyingi zitakataliwa, na wana haki kwa sababu kila bleidi iliyokataliwa imeshakula reniamu na masaa ya tanuru, hapo mnajadiliana. Andika pia kwamba kila bleidi ipigwe Laue na namba zake mbili zije kwenye cheti, sio neno "imepita" peke yake. Alafu weka kikomo cha tofauti ya pembe kati ya vipande vya kristali ndani ya bleidi, maana aloi za kwanza za kristali moja ziliondolewa kaboni, boroni, zirkoniamu na hafniamu ambavyo ndo vilikuwa gundi ya mipaka, na mpaka ukijitokeza kwenye aloi isiyo na gundi ni mahali pa kupasukia. Sehemu za kukagua kwanza ni kingo za jukwaa la bleidi, pale panapotanuka ghafla, ndo chembe ngeni zinapenda kuzaliwa, na baada ya hapo angalia mistari ya madoa madoa kwenye uso wa baa nene, ambayo ni minyororo ya chembe ndogo iliyoachwa na kimiminika kilichopanda juu wakati wa kuganda.